Tupime mbinu za akili mnemba kabla ya kununua mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kurasa za teknolojia za magazeti yetu zimekuwa zikiligusa kwa upande mmoja tu. Kila zinapoandikwa habari za akili mnemba, msomaji huelezwa idadi ya chipu zilizonunuliwa, ukubwa wa majengo ya kompyuta na mabilioni ya dola yaliyowekezwa na kampuni za Marekani na China. Habari hizo ni za kweli, lakini zinamwacha msomaji wa Dodoma akiamini kwamba ujifunzaji wa mashine, ambao ndio msingi wa akili mnemba ya leo, ni shughuli ya wenye fedha peke yao, na kwamba taasisi zetu hazina la kufanya mpaka zitakapopata uwezo wa kununua mitambo kama hiyo. Kisichoandikwa ni kwamba sehemu kubwa ya maendeleo ya miaka kumi iliyopita imetokana na mbinu bora za ukokotoaji, na kwamba nyingi kati ya mbinu hizo ni hisabati ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu anaweza kuifuatilia kwa kalamu na karatasi.

Kufunza modeli ni kazi ya kutafuta namba. Modeli ni fomula ndefu yenye vigezo vingi, na kila kigezo ni namba ambayo mwanzoni huwekwa kwa kubahatisha. Modeli hupewa mfano, tuseme picha ya jani la mzabibu, nayo hutoa jibu. Jibu hilo hulinganishwa na jibu sahihi, na tofauti kati ya hayo mawili huhesabiwa kuwa kosa. Baada ya hapo hukokotolewa mteremko, yaani, kwa kila kigezo, kosa lingeongezeka au kupungua kwa kiasi gani iwapo kigezo hicho kingeongezwa kidogo, kisha kila kigezo husogezwa hatua fupi kuelekea upande unaopunguza kosa. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi mno. Wazo lenyewe ni kongwe: Mfaransa Augustin-Louis Cauchy aliliandika mwaka 1847 akiwa na mahesabu ya falaki mawazoni. Mwaka 1951 Herbert Robbins na Sutton Monro walionyesha kwamba si lazima thamani inayokokotolewa katika kila hatua ijulikane barabara, kwa kuwa makadirio yenye kasoro hutosha ikiwa hatua zinafupishwa kwa utaratibu maalumu. Ndiyo maana leo modeli inaweza kujifunza kwa kutazama mifano michache kwa zamu badala ya kusubiri kupitia mifano yote. Namna ya kukokotoa miteremko yote kwa mkupuo mmoja, kuanzia mwisho wa fomula kurudi mwanzo, ilielezwa na Seppo Linnainmaa wa Finland mwaka 1970, na ikapata umaarufu katika mitandao ya neva, yaani modeli zilizobuniwa kwa kuiga ubongo, kupitia andiko la David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams la mwaka 1986.

Nimetaja miaka hiyo makusudi. Anayedhani kwamba fani hii imeanza juzi kwa sababu programu za kuzungumza zimeingia kwenye simu zetu juzi, atadhani pia kwamba haina msingi unaofundishika.

Ugumu wa kazi hii uko katika urefu wa hatua. Hatua zikiwa ndefu mno, kosa huruka huku na huko na modeli haitulii. Zikiwa fupi mno, umeme na muda huteketea bila tija. Boris Polyak, katika Umoja wa Kisovyeti wa mwaka 1964, alipendekeza kila hatua ibebe sehemu ya mwendo wa hatua zilizotangulia, na Yurii Nesterov akaiboresha fikra hiyo mwaka 1983. Mwaka 2014 Diederik Kingma na Jimmy Ba walitoa mbinu waliyoiita Adam, ambayo kwa kila kigezo huweka kumbukumbu mbili, ya kwanza ikiwa wastani wa miteremko iliyopita na ya pili wastani wa miraba ya miteremko hiyo. Kigezo ambacho miteremko yake kwa kawaida ni mikubwa hupunguziwa hatua, na kile ambacho miteremko yake ni midogo huongezewa, hivyo vyote husogea kwa mwendo unaokaribiana. Mbinu hii ilienea katika maabara karibu zote. Jambo ambalo wapenzi wake hawapendi kulikumbuka ni kwamba mwaka 2018 Sashank Reddi, Satyen Kale na Sanjiv Kumar walibaini kasoro katika uthibitisho wake wa kihisabati, wakatoa na tatizo dogo la kigezo kimoja ambalo Adam hulipeleka kwenye jibu baya kuliko yote. Watu waliendelea kuitumia kwa sababu katika kazi zao ilifanya vizuri, na Ilya Loshchilov na Frank Hutter wakairekebisha kwa njia nyingine, kwa kutenganisha punguzo linalozuia vigezo visiwe vikubwa mno na hesabu ya mteremko. Toleo hilo, AdamW, ndilo linalotumika sana hadi sasa. Binafsi naona habari hii inafaa kufundishwa darasani kama ilivyo, kwa kuwa inaonyesha sayansi ambayo bado inajengwa, yenye nafasi kwa mtu yeyote anayeweza kusoma uthibitisho kwa makini na kuuliza kama kila mstari unafuata ule uliotangulia.

Kumbukumbu hizo mbili za Adam zina gharama. Chukua modeli ya vigezo bilioni 7, ambayo kwa viwango vya leo ni ndogo. Vigezo vyake vikihifadhiwa kwa baiti mbili kila kimoja huchukua gigabaiti 14. Kumbukumbu mbili za Adam, zikihifadhiwa kwa baiti nne kila moja, huongeza gigabaiti 56, na hapo bado hatujahesabu miteremko yenyewe. Kompyuta ya kawaida ya maabara ya chuo haiwezi kubeba mzigo huo, na hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema tusubiri wafadhili. Lakini mwaka 2021 Edward Hu na wenzake wa Microsoft walichapisha mbinu inayoitwa LoRA, ambayo inastahili kujulikana hapa nchini kuliko jina la kampuni yoyote. Modeli iliyokwisha kufunzwa na wengine huachwa kama ilivyo, vigezo vyake havisogezwi, na kinachofunzwa ni nyongeza ndogo tu. Vigezo vya modeli hupangwa katika majedwali. Jedwali moja lenye mistari 4,096 na safu 4,096 lina namba 16,777,216. LoRA huweka badala ya mabadiliko ya jedwali hilo zima majedwali mawili membamba ambayo yakizidishwa hutoa jedwali la ukubwa uleule, na kama upande mwembamba wa kila moja una namba 8, namba zinazofunzwa ni 65,536 tu, yaani mara 256 pungufu. Kwa modeli ya GPT-3 yenye vigezo bilioni 175, watafiti hao waliripoti kupunguza vigezo vinavyofunzwa mara 10,000 na mahitaji ya nafasi ya kuhifadhi ndani ya GPU, yaani kadi ya kompyuta inayofanya ukokotoaji huo, mara 3.

Mwaka 2023 Tim Dettmers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikwenda mbele zaidi kwa kuifinya modeli hiyo isiyosogezwa vigezo mpaka kila kigezo kichukue biti 4 tu, yaani nusu baiti, huku nyongeza zikifunzwa kwa usahihi wa kawaida. Kazi ya kurekebisha modeli ya vigezo bilioni 65, ambayo ingehitaji nafasi ya zaidi ya gigabaiti 780, ikaingia katika kadi moja yenye gigabaiti 48. Kadi ya namna hiyo ni ghali, lakini ni ghali kwa kiwango ambacho idara ya chuo inaweza kuiombea fedha na kuipata, tena ikatumiwa kwa zamu na wanafunzi wengi. Hakuna jengo jipya lililohitajika ili hilo litokee. Kilichohitajika ni mtu aliyejiuliza kama namba zote zile ni lazima zihifadhiwe kwa usahihi uleule.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni upimaji. Kila mwezi hutangazwa mbinu mpya inayodaiwa kuishinda Adam, na madai ya kufunza modeli kwa kasi mara mbili yamekuwa ya kawaida. Mwaka 2021 Robin Schmidt, Frank Schneider na Philipp Hennig wa Tübingen, Ujerumani, walizilinganisha mbinu 15 katika majaribio zaidi ya 50,000, na hawakuona hata moja inayoshinda katika kazi zote. Adam ilibaki mshindani imara, na kujaribu mbinu kadhaa zikiwa na mipangilio ya kawaida kulifaa karibu sawa na kuirekebisha mbinu moja kwa bidii. Baadaye jumuiya ya MLCommons iliandaa shindano la AlgoPerf, ambamo kila mbinu hupewa kazi zilezile, mashine zilezile na muda uleule wa marekebisho. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2024, mbinu ya Shampoo, ambayo huutazama mteremko wa jedwali zima pamoja na namna namba zake zinavyohusiana badala ya kuitazama kila namba peke yake, iliongoza kundi lake kwa kasi ya asilimia 28 zaidi ya mbinu ya kulinganishia. Asilimia 28 ni faida kubwa kwa mtu anayelipia umeme wa maelfu ya chipu, ila msomaji ataona kwamba iko mbali na ile mara mbili inayotangazwa.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Keller Jordan alitangaza Muon, mbinu ambayo nayo hushughulikia jedwali zima kwa pamoja, na ambayo huhitaji kumbukumbu moja pale Adam inapohitaji mbili. Kampuni ya Moonshot ya Beijing ilitumia toleo lake kufunza modeli ya Kimi K2 yenye vigezo trilioni moja, iliyotolewa mwaka 2025. Mbinu hii naipenda, na sikatai kwamba ni hatua ya kweli. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2025 Kaiyue Wen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua mbinu kumi na AdamW miongoni mwake, wakairekebisha kila moja kwa uangalifu uleule, na matokeo yao yanafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila maabara. Mbinu zinazotumia majedwali ziliishinda AdamW kwa kasi ya takribani mara 1.4 katika modeli za vigezo milioni 100, lakini katika modeli za vigezo bilioni 1.2 ushindi huo ulishuka hadi mara 1.1. Sehemu kubwa ya madai makubwa ya awali ilitokana na AdamW kushindanishwa ikiwa na kasi ya kujifunza, yaani urefu wa hatua, iliyopangwa vibaya, au kupimwa katikati ya safari kabla mafunzo hayajafika mwisho, wakati ambapo mistari ya grafu inayoonyesha kosa la kila mbinu likishuka inaweza bado kupishana.

Naomba msomaji alitafakari hilo kwa utulivu, maana halihusu wanasayansi wa California peke yao. Ina maana kwamba mtu mwenye kompyuta ya wastani, anayejua kupanga jaribio la haki, anaweza kugundua jambo ambalo kampuni kubwa zimeshindwa kuliona au hazikutaka kuliona. Upimaji wa namna hiyo unadai uvumilivu, takwimu na uaminifu, na sidhani kwamba vyuo vyetu hapa Dodoma vina upungufu wa hayo kuliko wa fedha.

Kuhusu ukubwa wa modeli nitasema kwa ufupi. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya DeepMind mjini London walifunza modeli ya vigezo bilioni 70, Chinchilla, kwa vipande vya maneno trilioni 1.4, nayo ikaishinda modeli yao ya awali ya vigezo bilioni 280 ingawa gharama ya ukokotoaji ilikuwa sawa. Ile kubwa ilikuwa imelishwa maandishi machache mno kulingana na ukubwa wake. Kwa Kiswahili, ambacho maandishi yake mtandaoni ni machache ukilinganisha na Kiingereza, hoja hiyo inatuelekeza kwenye modeli ndogo zilizolishwa vizuri. Tayari mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walikuwa wamefunza modeli ya AfriBERTa kwa lugha 11 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa maandishi yasiyofika gigabaiti moja, na ikashindana vyema na modeli zilizolishwa maandishi mengi zaidi mara nyingi.

Sisi wa Kanda ya Kati tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu na ununuzi unaotangulia majaribio. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga pale Kongwa, ikaleta trekta na mitambo mizito kufyeka mapori kwa ekari nyingi kabla ya kuwapo shamba la majaribio la kueleza mvua ya Ugogo hunyesha vipi na udongo wake huwaje kiangazi kikishika. Udongo ulikauka ukawa mgumu hata majembe ya mitambo yakaharibika, mvua ikapungua, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kuteketeza takribani pauni milioni 36. Ninapoona maandiko ya miradi yanayoanza na orodha ya seva za kununuliwa, na yasiyosema popote mafanikio yatapimwaje, nakumbuka Kongwa.

Ngoja nitoe mfano wa kazi inayowezekana hapahapa. Dodoma ni mkoa wa zabibu, na wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Bihawana wanaijua adha ya ubwiri unga. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kina wataalamu wanaoweza kulitazama jani na kusema lina ugonjwa gani. Picha elfu chache zilizopigwa kwa simu na kupewa majina sahihi na wataalamu hao, modeli ndogo iliyokwisha kufunzwa kutambua picha za kawaida, na nyongeza inayofunzwa juu yake, vinatosha kuanzia. Njia hii imekwisha kupitiwa nchini: mwaka 2017 Amanda Ramcharan na wenzake walichapisha utafiti wa kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha zilizopigwa mashambani Tanzania, wakifikia usahihi wa asilimia 93, na kazi hiyo ikazaa programu ya simu ya Nuru inayofanya kazi hata pasipo intaneti. Lakini utafiti wao wa baadaye, wa mwaka 2019, uliopima modeli ikiwa ndani ya simu shambani, ulionyesha alama zikishuka kwa kiasi kikubwa. Kilichowapata hao kitampata yeyote anayechukua picha za shamba moja, akazichanganya, akazigawa mafungu mawili, akafunza kwa fungu moja na kupima kwa jingine. Modeli hiyo itakuwa imezoea udongo, mwanga na simu ya shamba lile, na alama yake itapendeza kwenye ripoti tu. Kwa zabibu zetu, ambazo huvunwa mara mbili kwa mwaka, kipimo cha haki ni kufunza kwa picha za vijiji kadhaa vya msimu mmoja na kupima kwa kijiji ambacho modeli haijawahi kukiona, katika msimu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba data za watu, hasa za hospitali, haziwezi kukusanywa pamoja kirahisi tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ni kweli, na ni vema iwe hivyo. Zipo mbinu za ukokotoaji zilizobuniwa kwa hali hiyo, maarufu zaidi ikiwa ile ya Brendan McMahan na wenzake wa Google ya mwaka 2017, ambayo kila taasisi hufunza modeli kwa data zake ndani ya kuta zake na kutuma nje mabadiliko ya vigezo tu, yakaunganishwa kwa wastani. Haiondoi hatari zote za faragha, lakini inatosha kuonyesha kwamba kikwazo cha kisheria kinaweza kugeuzwa kuwa swali la hisabati.

Ombi langu kwa wanaotoa fedha za utafiti, ikiwamo COSTECH, ni kwamba kila mradi wa akili mnemba udaiwe mambo mawili kabla ya kuidhinishiwa kifaa chochote: ulinganisho na mbinu rahisi iliyorekebishwa kwa bidii ileile iliyotumika kwa mbinu mpya, na jaribio katika mahali au msimu ambao haukuhusika katika mafunzo. Vyuo navyo viyaweke masomo ya ukokotoaji na takwimu mbele ya mafunzo ya kubonyeza programu zilizotengenezwa na wengine. Kwa upande wa gazeti lako, Mhariri, siku nyingine mtu akileta habari kwamba amepata mbinu yenye kasi mara mbili, mwandishi wako amuulize ni mara mbili ya nini, na ile iliyoshindwa ilirekebishwa na nani na kwa muda gani.

Mwalimu wa takwimu,
Dodoma